Mikunjo ya Swali la Saba

Ilikuwa siku ya kumi na moja ya kusahihisha, chai ya saa nne haijaletwa bado, na Mama Saba alikuwa ameshachoka uchovu wa jioni. Macho yalimwasha. Magoti yalikuwa yamekufa ganzi chini ya meza iliyotengenezewa wasichana wa miaka kumi na mitano, si mwanamke wa hamsini na sita mwenye kiuno kinacholalamika hata akikaa kitini. Ukumbi wenyewe ulikuwa bwalo la shule ya bweni. Wenye bwalo walikuwa likizo, na walimu mia mbili wa hesabu walikuwa wamekalishwa mahali pao. Walikula kwenye sahani zao za plastiki na kulala kwenye vitanda vyao vya ghorofa, watu wazima na digrii zao, wanaopangiana zamu ya kitanda cha chini kwa kulinganisha maradhi.

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho kilichoning'inia shingoni, na hakuna aliyelisoma. Katika bwalo lile mtu aliitwa kwa swali lake. Kila meza ndefu ilikuwa na watu tisa waliokaa kwa mstari, na mtihani ulikuwa na maswali tisa. Kijitabu cha mtahiniwa kiliingia kwa Bwana Moja, kikatoka kwa Bibi Tisa, na njiani kila mmoja alisahihisha swali lake tu, akaandika alama pembeni kwa kalamu nyekundu, akasukuma. Waliuita mkanda. Mkanda ulikuwa na faida zake, kwa sababu mtu anayesahihisha swali moja mara elfu mbili hapotei njia. Lakini hata ng'ombe anayezunguka kinuni hapotei njia. Hakuna aliyeuliza mtoto amefikiri nini. Kilichoulizwa ni kama alichoandika kinafanana na kilichochapishwa kwenye mwongozo, na wewe uliyeweza kuuliza zaidi ulikuwa na kijitabu kingine kinakugonga kiwiko.

Kushoto kwake alikaa Bwana Sita, mwalimu mnene, mcheshi, aliyekuja na mto wake mwenyewe kutoka nyumbani na kuukalia mchana kutwa. Kulia kwake alikaa Dada Nane, msichana wa miaka miwili kazini, ambaye mikono yake ilikimbia kuliko mikono yote ya meza ile na ambaye hakuficha kwamba anawasubiri wazee.

Swali la saba lilikuwa fupi. Parabola ina nukta ya fokasi, F. Thibitisha kwamba mwale wowote unaoingia sambamba na mhimili wa parabola, ukiakisiwa, hupita kwenye F. Alama kumi. Ndiyo siri ya taa ya gari na ya dishi lililoko juu ya paa: kila kinachoshuka wima kinagonga ule mbonyeo na kukusanyika mahali pamoja. Mwongozo ulitaka mlinganyo, kisha tanjenti, yaani mstari unaougusa mchirizo wa parabola mahali pamoja tu, kisha mteremko wake, kisha pembe mbili zilingane. Hatua tano, alama mbili kila hatua. Watahiniwa wengi waliacha ukurasa mweupe. Wengine waliandika fomula waliyokariri na kuikatia hapo hapo, kama mtu aliyebisha hodi akakimbia.

Mama Saba aliwaelewa. Yeye mwenyewe alikuwa amewafundisha hivyo kwa miaka ishirini na tisa. Mwaka wake wa pili kazini aliwahi kupinda kipande cha bati jipya kwa misumari juu ya ubao, akafungua dirisha, akawaonyesha wanafunzi jua likijikusanya kwenye nukta moja mpaka kijiti cha kiberiti kikawaka chenyewe. Darasa lilikuwa bado linashangilia mkaguzi alipoingia. Aliandika kwenye ripoti kwamba mwalimu yuko nyuma ya muhtasari kwa wiki mbili. Bati likaenda kuziba tundu la banda la kuku, na tangu hapo alikuwa mbele ya muhtasari, kila mwaka, bila kukosa.

"Hiki ni chako," Bwana Sita alisema, akimsukumia kijitabu kwa ncha ya kidole kimoja. "Mimi sijakiona."

"Hujakionaje na umeshakisahihisha?"

"Nimesahihisha swali la sita. Kuhusu ukurasa wa saba mimi ni kipofu wa kuzaliwa."

Mama Saba aliufunua. Ukurasa ulikuwa umekunjwa. Haukukunjwa kwa bahati mbaya, kama karatasi iliyokaliwa au kutiwa mfukoni. Ulikuwa na mikunjo thelathini au zaidi, iliyonyooka, mikali kama pasi ya suruali, ikipishana kila upande. Karibu na chini kulikuwa na kitone cha kalamu, na juu yake herufi F.

"Alama hiyo," Bwana Sita alinong'ona bila kugeuka. "Mwaka juzi meza ya dirishani kulikuwa na kijitabu chenye pembe imechanwa kidogo, hivi tu, kama panya kaonja. Kumbe ni ishara kwa msahihishaji. Walimwondoa mwalimu mzima mzima, na mto wake."

Kanuni ilijulikana kwa wote. Mtahiniwa haruhusiwi kuacha chochote kinachoweza kumtambulisha: jina, mchoro, doa, mkato. Anayekiona anaita kiongozi wa meza, fomu ya njano inajazwa, kijitabu kinaondoka kwenye mkanda. Mama Saba hakuwahi kusikia kijitabu kilichoondoka na fomu ya njano kikirudi. Mtihani mzima wa mtoto ulifutwa, si hesabu peke yake.

Kulikuwa na njia nyingine, na ndiyo aliyoipenda, kwa sababu kiuno kilimuuma. Angeandika sifuri na kusukuma. Hakukuwa na mlinganyo ukurasani, wala tanjenti, wala mteremko. Kwa mwongozo ilikuwa sifuri safi. Na Dada Nane, kwa haraka zake, asingeona kitu. Aliinua kalamu nyekundu. Kisha, kwa sababu ya mazoea tu ya kutoweka alama bila kufika mwisho wa ukurasa, akasoma sentensi nne zilizoandikwa kwa chini.

*Nimekunja ukingo wa chini wa karatasi mpaka ukafika kwenye F, mara nyingi, kila mara kwa nukta nyingine ya ukingo. Kila mkunjo ni tanjenti ya parabola. Mkunjo ni kioo, na A iliyo ukingoni ni picha ya F. Kwa hiyo mwale unaoshuka wima kuelekea A, ukigonga kioo, lazima uelekee F.*

Akasoma tena. Akauinamisha ukurasa kuelekea dirishani. Mwanga ulipoingia kwa ubavu, mikunjo ikatupa vivuli vyembamba, na katikati ya vivuli, pale ambapo hakuna mkunjo uliothubutu kupita, palikuwa na umbo la bakuli, laini, ambalo hakuna mkono uliolichora. Kitone cha F kilikaa ndani yake kama kiini cha yai.

Mama Saba aliweka kalamu chini.

"Mama Saba," Dada Nane alisema, "mkanda umesimama."

"Subiri, mwanangu."

"Bibi Tisa anapiga miayo. Tukikaa hivi tutalala hapa mpaka shule ifunguliwe, tupewe na sare."

"Nimesema subiri."

Mkanda ukisimama huonekana kutoka mbali, kwa sababu vijitabu hupanda upande mmoja na upande wa pili mikono hukaa bure. Kiongozi wa meza alikuja. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na tano, mwembamba, mwenye kalamu ya kijani na macho mekundu ya mtu anayekagua meza mbili badala ya moja. Wengine wote walimwita Kiranja, mbele yake na nyuma yake. Yeye kwa upande wake alimwita kila mtu kwa namba, isipokuwa mmoja.

"Kuna nini, Mwalimu?"

Kiranja alikuwa amekaa katika darasa la Mama Saba miaka kumi na minane iliyopita, dawati la mbele, mtoto asiyekosa daftari. Mama Saba alimpa kijitabu. Kiranja aliutazama ukurasa kwa muda usiozidi pumzi moja, akaingiza mkono chini ya ubao wake wa kuandikia na kutoa karatasi ya njano.

"Alama," alisema.

"Si alama. Ni jibu."

"Mwongozo unasema nini?"

"Mwongozo hausemi chochote."

"Basi tumemaliza." Alianza kuandika namba ya mtahiniwa. Hakuwa na ubaya. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayefunga duka. "Mwalimu, hata wewe mwenyewe ulitufundisha. Fomula, mteremko, pembe, mstari chini. Siku moja nilikuuliza kwa nini, ukaniambia andika kwanza, kwa nini itakuja. Nikaandika. Nilipata alama zote. Hukutufundisha kukunja."

"Sikuwafundisha," Mama Saba alisema. "Hiyo kwa nini ilishakuja?"

Kalamu ya kijani ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Mama Saba aliweka mkono juu ya kijitabu. Hakukivuta. Aliuweka tu, kiganja kimelala, kama mtu anayezuia karatasi zisipeperuke. "Nataka kikao cha meza," alisema. "Kanuni inaruhusu. Msahihishaji akipinga fomu, meza yote inasikiliza mbele ya Mkuu wa usahihishaji."

Bwana Sita alifumba macho. Dada Nane alipumua kwa sauti. Kikao kilikuwa saa kumi na moja, saa ambayo watu walioga, wakafua, wakawapigia simu watoto wao. Meza nzima ilimtazama kwa macho ambayo mtu humtazamia abiria aliyesahau mzigo na kusimamisha gari.

"Sawa, Mwalimu," Kiranja alisema. "Saa kumi na moja."

Wakati wa chakula Mama Saba hakula. Alipanda hadi bwenini, akakaa kitanda cha chini alichokipata kwa sababu ya magoti, akatoa karatasi nyeupe begini. Akachora kitone. Akaukunja ukingo wa chini mpaka ukagusa kitone, akasugua mkunjo kwa ukucha, akakunjua. Tena, kwa nukta nyingine. Mikunjo mitano ya kwanza haikumwambia kitu. Wa kumi ulimwambia labda. Kwenye wa kumi na saba bakuli lilijitokeza. Alilikazia macho kwa muda mrefu, na kilichomjia hakikuwa furaha. Ilikuwa kama kukuta mlango ndani ya nyumba uliyoishi miaka ishirini na tisa, na kujua kwamba watoto wote hao uliwapitisha dirishani.

Saa kumi na moja walikusanyika mwisho wa bwalo, karibu na dirisha la jikoni. Mkuu wa usahihishaji alikuja na kiti chake. Alikuwa mzee mrefu, mpole, mwenye kikohozi, ambaye alikuwa na meza ishirini na mbili za kuhofia na alitaka kuihofia hii kwa dakika kumi tu. Kijitabu kiliwekwa mbele yake, na fomu ya njano juu yake.

"Mama Saba, tueleze."

Hakueleza. Aligawa karatasi nyeupe kumi, rula alizoazima kwenye meza za jirani, na akawaambia wachore kitone, sentimita tatu juu ya ukingo wa chini, na wakunje.

"Tumerudi chekechea," Bwana Sita alisema. "Mimi nitatengeneza ndege."

Lakini alikunja. Walikunja wote, hata Bibi Tisa, hata Kiranja, mwisho kabisa, akiwa amesimama na karatasi yake ukutani. Kwa dakika chache bwalo halikuwa na sauti isipokuwa kucha juu ya karatasi na kikohozi cha Mkuu.

"Sasa chukueni mkunjo mmoja tu," Mama Saba alisema. "Nukta ya ukingoni iliyokwenda kugusa F, iiteni A. Kutoka A pandeni wima mpaka mkutane na mkunjo. Hapo ni P. Pimeni P mpaka F. Kisha P mpaka ukingoni."

"Tano na pointi mbili," Dada Nane alisema. "Na tano na pointi mbili."

"Nne kasoro kidogo," Bibi Tisa alisema. "Zote mbili."

"Lazima zilingane," Mama Saba alisema. "Ulipokunja, PA ililalia PF. Ni mstari mmoja umebadilisha mahali. Na parabola ni nini, kama si nukta zote zilizo mbali sawasawa na F na ule ukingo? Kila mkunjo umetupa nukta moja."

Bwana Sita aliinua mkono kama mwanafunzi. "Naona tatizo. Mimi nimepima mahali pengine kwenye mkunjo huo huo, huku pembeni kabisa. Mpaka F ni sita na nusu. Mpaka chini ni sita na nusu. Inalingana vile vile. Nimehamia hapa, bado inalingana. Kwa hesabu hiyo mkunjo wote ni parabola, na tukalale."

Kiranja alimtazama Mama Saba. Kwa mara ya kwanza siku ile uso wake haukuwa wa mtu anayefunga duka.

"Nionyeshe ulivyopima mpaka chini," Mama Saba alisema.

Bwana Sita aliweka rula. Ilikwenda kwa mshazari, kutoka nukta yake mpaka A.

"Hapo hujapima mpaka ukingoni. Umepima mpaka A. Ukitaka kujua uko mbali kiasi gani na ukuta, unatembea moja kwa moja kwenye ukuta, huendi kwa kuzunguka kwenye msumari. Pima wima."

Alisogeza rula. "Tano na robo."

"Na F?"

"Sita na nusu."

"Basi nukta yako iko nje ya parabola. Na nyingine yoyote kwenye mkunjo huo, ukiacha P, itakuwa nje, kwa sababu mshazari siku zote ni mrefu kuliko wima. Ni pale P tu ambapo mshazari na wima ni kitu kimoja."

Aliyesema halafu alikuwa Kiranja, polepole, akiitazama karatasi yake ukutani. "Kwa hiyo mkunjo unaigusa mahali pamoja tu. Ni tanjenti." Akaukunja tena mkunjo ule ule, akauacha umekunjwa, akautazama mstari wa PA uliolala juu ya PF. "Na mwale ulioshuka kuelekea A... umekunjwa kwenda F. Hakuna mteremko hapa. Hakuna hata mlinganyo."

"Hakuna," Mama Saba alisema.

"Mwalimu, ilikuwa fupi hivi?"

Mama Saba alikusanya rula za kurudisha kwenye meza za jirani.

Mkuu alikohoa, akachukua fomu ya njano, akaichana mara mbili na kutia vipande mfukoni. "Si ishara," alisema. "Ni jibu. Kwa hili sina ubishi." Kisha akavua miwani na kuifuta, na waliomjua waligundua kwamba bado kuna lingine. "Alama sasa. Mwongozo hauna njia hii. Ili uipe alama lazima niiongeze kwa maandishi, na nikiiongeza, inaongezeka kwa watahiniwa wote. Haiwezekani mmoja apewe kumi kwa kukunja na mwingine aliyekunja awe na sifuri. Vijitabu vyote ambavyo meza hii imeshavipitisha vitarudishwa kutoka ghalani, na swali la saba litapitiwa upya." Alimgeukia. "Nani atapitia, Mama Saba? Siwezi kuusimamisha mkanda. Ni bahasha arobaini na tatu. Ni baada ya saa za kazi, kila siku, mpaka ziishe. Tunaweza pia kuiacha sifuri. Mtoto hatafutiwa mtihani, na hilo umeshalipata. Nani atakulaumu?"

Lilikuwa swali la kweli, na jibu lake lilikuwa hakuna. Hata Dada Nane aliinamisha macho. Mtoto ameokolewa, alama kumi ni alama kumi tu, mama wa watu amechoka. Hivi ndivyo mambo yanavyoachwa katika dunia hii. Hayaachwi na watu wabaya. Yanaachwa saa kumi na moja na nusu na watu waliochoka, ambao hakuna atakayewalaumu.

Na ndipo Mama Saba alipokumbuka.

Ilikuwa siku ya pili, au ya tatu. Ukurasa ulikuja na makunyanzi. Alikumbuka mkono wake mwenyewe ukiupangusa, akikereka na uchafu wa watoto wa siku hizi, akiburuta rula juu yake mara mbili tatu ili unyooke na kalamu ipite vizuri. Kisha akaandika sifuri. Sifuri nzuri ya mviringo. Hakuwa amesoma kitu.

"Kuna mwingine," alisema.

"Mwingine nani?"

"Mtahiniwa mwingine aliyekunja. Nilimpa sifuri. Niliunyoosha ukurasa wake kwa rula." Alisema bila kuinua sauti, kama mtu anayetaja duka alikosahau kibeti. "Leteni bahasha. Nitapitia mimi."

Jioni ile, simu zilizokusanywa asubuhi ziliporudishwa, mumewe alimpigia kama kawaida. Alikuwa fundi cherehani, na kila jioni alimuuliza swali lile lile.

"Wamekulisha, Mwalimu?"

"Wamenilisha."

"Uongo. Nakusikia njaa kwenye sauti."

"Baba watoto, nikuulize kazi yako. Nguo iliyokunjwa zamani, ikapigwa pasi, utajuaje mkunjo ulikuwa wapi?"

"Unataka kunikimbia na kufungua duka?"

"Nijibu."

"Usiangalie. Macho yatakudanganya, pasi inafuta kwa macho. Papasa. Weka upande wa ndani, pitisha ncha za vidole bila kukandamiza, kama unampapasa mtoto homa. Uzi uliovunjika haurudi." Mkasi ulisikika ukikata kitambaa. "Utarudi lini?"

"Nitachelewa siku mbili tatu."

"Magoti je?"

"Yapo."

"Haya. Nitawaambia kuku."

Bahasha zililetwa zimefungwa kamba na kurundikwa pembeni ya kiti chake, mlima wenye vumbi la ghala. Kwa siku nne, mkanda uliposimama na wengine wakaenda kuoga, yeye alibaki. Alifunua ukurasa wa saba, akaugeuza, akapitisha vidole nyuma yake, akafunga. Hakusoma fomula za waliobisha hodi wala kurasa nyeupe. Vidole vilikauka kwa vumbi la karatasi mpaka vikapasuka kidogo nchani. Siku ya pili Dada Nane alikuja na nywele zimelowa, akavuta kiti, akachukua bahasha bila kuombwa. "Usidhani nakuhurumia, Mama Saba," alisema. "Nataka twende nyumbani." Bwana Sita hakuja, ila alimtumia Mama Saba mto wake, na siku ile nzima yeye alikaa juu ya ubao mtupu akigeuka kama samaki kikaangoni.

Siku ya tatu Kiranja alisimama nyuma yao akiwa na bahasha mbili kwapani. "Hizi nimeshazipapasa," alisema. "Hakuna kitu." Akachukua nyingine mbili, akaondoka.

Walikipata kijitabu kile siku ya nne, bahasha ya thelathini na moja, saa kumi na mbili kasoro. Kilikuwa chini ya vidole vya Mama Saba, na alijua kabla hajageuza. Mistari mitano, imebanwa, imesuguliwa, lakini ipo. Aliugeuza ukurasa. Sifuri yake nyekundu ilikuwa pembeni, na karibu yake alama ya rula ilipoburutwa.

Aliinamisha ukurasa kwenye mwanga wa dirisha. Mikunjo ilikuwa mitano tu, na mitano haitoshi kuonyesha bakuli. Kulikuwa na F. Kulikuwa na sentensi mbili: kwamba ukingo umekunjwa ukafika F, na kwamba mikunjo ni tanjenti. Kisha sentensi ya tatu ilianza, *mwale unaoshuka*, ikakatika. Labda kengele ililia. Labda mtoto hakujua kilichofuata.

Dada Nane alikuwa anatazama juu ya bega lake. "Mpe kumi, Mama Saba. Baada ya yote haya. Nani atajua?"

Aliishika kalamu. Mkono wake wote ulitaka kuandika kumi, kwa ajili ya rula, kwa ajili ya siku nne, kwa ajili ya lile bati la banda la kuku. Alisoma tena sentensi mbili na nusu. Akapima kwa maandishi mapya ya Mkuu, hatua kwa hatua, kama alivyopima kila kitu maishani.

Alikata sifuri kwa mstari mmoja ulionyooka, akaweka sahihi pembeni kama kanuni inavyotaka, akaandika nne.

"Nne tu?" Dada Nane alisema.

"Nne ni zake," Mama Saba alisema. "Sita hakuzifikia."

Akavuta bahasha ya thelathini na mbili. Zilikuwa zimebaki kumi na mbili, na hakuna aliyesema kwamba waliokunja walikuwa wawili tu.